Uchovu huu ni wa moyo au wa mawazo?

Jina la ugonjwa huu huumiza kabla ya ugonjwa wenyewe. Mtu anaambiwa moyo wake umeshindwa kufanya kazi, na kuanzia hapo hasikii tena yanayofuata: dozi, chumvi, tarehe ya kurudi. Amebaki na neno moja, kushindwa. Moyo ukishindwa si ndiyo umesimama? Anatoka nje akitembea kama aliyebeba mayai.

Tuanze na hilo, maana hofu nyingi huzaliwa hapo. Moyo ulioshindwa kufanya kazi haujasimama. Unapiga usiku na mchana kama wa mtu mwingine yeyote, ila damu unayoisukuma haitoshelezi mahitaji ya mwili, au inatosheleza kwa kuelemewa. Kwa wengine misuli imelegea, haina nguvu ya kukamua. Kwa wengine kuta zimekakamaa, kwa hiyo moyo haujai vizuri kabla ya kusukuma. Figo zikiona damu inafika kidogo hudhani mwili umepungukiwa maji, zikaanza kuzuia maji na chumvi. Ndipo miguu inapovimba, tumbo linapojaa, na mapafu yakilowa pumzi inakatika. Watu zaidi ya milioni 60 duniani wana hali hii, na wengi wanaishi nayo kwa miaka.

Halafu kuna namba. Kipimo cha eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, hutoa asilimia ya damu ambayo chumba kikuu cha kushoto kinaitoa nje kwa kila pigo. Mgonjwa anasoma kwenye karatasi "asilimia 30" na kupiga hesabu yake mwenyewe: nimebakiwa na chini ya theluthi moja ya moyo. Hakuna aliyemwambia kwamba hata moyo mzima hautoi damu yote. Wa kawaida hutoa asilimia 50 hadi 70 hivi. Hakuna aliyemwambia pia kwamba namba hiyo inaweza kupanda akitumia dawa, wala kwamba karibu nusu ya wenye ugonjwa huu wana asilimia ya kawaida na bado wanahema wakipanda ngazi. Namba hiyo humsaidia daktari kuchagua dawa. Haisemi sana mtu anajisikiaje. Laiti karatasi ile ingetolewa pamoja na dakika tano za maelezo, watu wangelala vizuri zaidi usiku ule wa kwanza.

Ishara moja, wenyewe wawili

Kiswahili kimeweka mwili na hisia ndani ya kiungo kimoja. Moyo ndio unaodunda, na huohuo ndio unaovunjika, unaokufa, unaotiwa nguvu. Mgonjwa akisema "moyo wangu mzito leo", muuguzi anaweza kuchukua mashine ya presha na binti yake akamshika mkono, na wote wawili wakawa sahihi. Katika maradhi mengine utata huo ni wa maneno. Katika haya umo mwilini.

Chukua uchovu. Moyo dhaifu huleta uchovu. Sonona, yaani ile huzuni nzito inayokaa wiki kwa wiki bila kuondoka, nayo huleta uchovu. Usingizi wa kukatikakatika unaweza kutokana na maji yanayojaa mapafuni mtu akilala chali, au kidonge cha kukojoza kilichomezwa jioni, au mawazo. Kukosa hamu ya kula kunaweza kuwa ni ini na utumbo vilivyovimba kwa maji, au ni mtu asiyeona sababu ya kula. Uzito nao hudanganya: mwenye sonona anaweza kukonda asijulikane amekonda, kwa kuwa maji yamejaza pengo. Ndiyo maana makosa hufanyika pande zote mbili. Sonona hupita bila kuonekana kwa sababu "ni moyo tu huo", na moyo unaozidiwa hupuuzwa kwa sababu "huyu amekata tamaa".

Yapo hata hivyo mambo mawili ambayo udhaifu wa moyo peke yake si kawaida kuyaleta. La kwanza ni vitu kupoteza ladha. Mjukuu anakuja, wimbo unaopendwa unapigwa, na ndani hakuna kinachotikisika. Mwenye moyo mchovu huchoka kucheza na mjukuu lakini hufurahi kumwona. Mwenye sonona hata ile hamu ya kumwona imezimika. La pili ni kukata tamaa, kujilaumu, kujiona mzigo kwa wengine. Kwa hiyo wahudumu wengi huanza na maswali mawili tu: katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu au raha ya kufanya mambo? Na ni mara ngapi umejisikia mnyonge, mwenye huzuni au usiye na matumaini? Anayejibu "siku nyingi" kwa lolote kati ya hayo anastahili mazungumzo marefu zaidi. Hajathibitika kuwa na sonona bado.

Uchambuzi mmoja uliochapishwa mwaka 2006 ulijumlisha tafiti nyingi na kukuta kwamba takriban mgonjwa mmoja kati ya watano ana sonona ya kiwango cha kuhitaji kushughulikiwa. Kwa wale ambao ugonjwa hauwazuii kufanya lolote, ilikuwa asilimia 11 hivi. Kwa wale wanaohema hata wakiwa wamekaa, ilifika asilimia 42. Na wenye sonona walikuwa na hatari ya kufa au kupata matatizo zaidi ya moyo takriban mara mbili ya wenzao.

Huzuni inaufikiaje moyo

Njia moja ni ya kimwili. Sonona na hofu ya muda mrefu huuweka mwili katika tahadhari isiyoisha: homoni ya noradrenalini iko juu, mapigo yanakwenda haraka, mishipa inabana. Moyo ulioshindwa tayari unaishi katika tahadhari hiyohiyo, na dawa zake kadhaa, zikiwamo zile za kupunguza mapigo, zimewekwa hasa ili kuituliza. Dawa inazima moto, huzuni inaupuliza.

Njia ya pili ni ya maisha ya kila siku, na mimi naiona kubwa zaidi kwa sababu ndiyo tunayoweza kuishika. Kuishi na ugonjwa huu ni kazi. Kuna vidonge vya aina nne au tano, mizani kila asubuhi, chakula kisicho na chumvi nyingi, kutembea kidogo, kliniki. Mwenye sonona hana nguvu ya kazi yoyote, na hii ni mojawapo. Ndugu humwita mkaidi au msahaulifu. Pengine ni kweli amesahau, maana moyo dhaifu hudhoofisha kumbukumbu na umakini, na hapo kisanduku cha dawa chenye siku za wiki husaidia kuliko mahubiri. Lakini wapo wanaoacha vidonge kimyakimya kwa sababu hawaoni tena vinawapeleka wapi. Swali la "umemeza?" halitalifichua hilo. "Unaona bado vinakusaidia?" linaweza.

Mizani inaonyesha vizuri jinsi hisia zinavyoharibu usomaji wa mwili. Kanuni inayotolewa mara nyingi ni hii: uzito ukiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, wasiliana na wahudumu wako, maana hayo ni maji. Aliyekufa moyo hapandi juu ya mizani. Maji yanaongezeka siku ya kwanza, ya pili, ya tano, na anafika hospitali akiwa hawezi kusema sentensi nzima. Mwenye hofu anapanda mara sita kwa siku, na kila gramu 300 za chai na uji zinamtoa jasho. Mwingine ameificha mizani uvunguni kwa sababu hataki kujua. Njia ya kati ni kuipa mizani saa yake. Pima mara moja, asubuhi, baada ya kwenda chooni na kabla ya kula, ukiwa na nguo zilezile, andika, basi. Baada ya hapo siku ni yako.

Usiku

Kama kuna saa ambayo wagonjwa hawa huisimulia kwa sauti ya chini, ni saa nane usiku. Mtu anaamka ghafla akitafuta hewa, anakaa kitandani, moyo unakwenda mbio, na wazo ni moja tu.

Huenda ni maji. Ya maji huja mtu akiwa amelala, hupungua taratibu akikaa au kusimama, na mara nyingi siku za karibuni miguu imevimba, uzito umepanda, mito imeongezeka kutoka mmoja hadi mitatu. Huenda ni shambulio la hofu, ambalo linaweza kuja hata mchana mtu akiwa ameketi, likiwa na ganzi ya vidole na midomo, likafika kilele ndani ya dakika kama kumi kisha likashuka. Mara nyingi la kwanza huzaa la pili, na hapo kutenganisha ni kazi ya mtaalamu. Kwa hiyo asijipe mtu mwenyewe jibu la "ni hofu tu" kwa mara ya kwanza usiku. Maumivu ya kifua, kuzimia, makohozi yenye povu la rangi ya waridi, au pumzi isiyorudi hata baada ya kukaa ni dharura, na dharura haisubiri kupambazuke.

Mwenye kuchunguzwa na kuelezwa hali yake anaweza kufanya machache kwa mikono yake. Akae, ashushe miguu, aegemee mbele viwiko vikiwa juu ya meza. Atoe pumzi polepole, kwa muda mrefu kuliko anavyoivuta. Feni ndogo ya mkononi ikielekezwa usoni hupunguza ile njaa ya hewa, kwa sababu upepo kwenye mashavu na pua hupeleka ubongoni taarifa kwamba hewa ipo. Ni kitu kidogo hadi watu huona haya kukipendekeza, lakini kimejaribiwa kwa wagonjwa wa kuishiwa pumzi na kikasaidia.

Kuna na mwenyewe wa tatu wa usiku: pumzi kukatika usingizini, pamoja na kukoroma au bila. Ni jambo la kawaida kwa wenye moyo dhaifu, na humwacha mtu mchana akiwa mzito, mwenye hasira na asiye na furaha. Anayelala naye ndiye anayejua, na aseme.

Baada ya usiku kadhaa wa namna hiyo wengine huanza kuogopa kitanda chenyewe, wakahamia kwenye kiti. Nyumbani huchukuliwa kuwa mazoea ya uzee. Kulala kwenye kiti ni dalili, nayo ipelekwe kliniki kama inavyopelekwa miguu iliyovimba.

"Jikaze"

Neno la faraja linalotolewa zaidi kwa mgonjwa ni jikaze. Linatolewa kwa upendo, na mimi nalihesabu miongoni mwa dawa mbaya. Anayejikaza haelezi kwamba jana alishindwa kumaliza kuoga. Anayejikaza anasubiri siku nne na miguu iliyovimba. Kujifanya hakuna kitu kunaweza kumsaidia mtu kuvuka wiki za kwanza, kama ganzi inavyosaidia mbele ya sindano. Ganzi ikibaki miezi, mtu hujiunguza bila kujua.

Kinachosaidia zaidi ni cha chini zaidi ya ushujaa. Ugonjwa huu una siku nzuri na siku mbaya, na mtego uko kwenye siku nzuri: mtu anaamka na nguvu, anafua, anafagia, anapanga kabati, kisha analipa kwa siku tatu kitandani, na kitandani mawazo yana nafasi. Kugawa kazi vipandevipande, kukaa wakati wa kuoga au kukata mboga, kupumzika kabla ya kuchoka, hizo ni mbinu za kulinda hisia kama zinavyolinda moyo. Na katika kuchagua, kibaki kitu kimoja ambacho ni chake. Aliyekuwa mtafutaji wa riziki akageuka kuwa wa kuletewa kila kitu ana msiba ambao haumo kwenye kadi ya kliniki. Kumwachia hesabu za nyumbani, au masomo ya jioni ya watoto, kunaweza kumrudishia zaidi kuliko pole kumi.

Kidonge cha kukojoza kina madhara ambayo hayaandikwi kwenye kikaratasi cha dawa: kinamfungia mtu ndani. Anahesabu vyoo vya njiani, anaacha ibada, anaacha harusi na misiba, na baada ya mwaka anasema watu wamemtupa. Mara nyingi daktari hukubali saa ya kidonge isogezwe siku ya safari. Wengi hawajawahi kuuliza.

Imani nayo imewashikilia wengi wasianguke. Inageuka hatari pale tu inapowekwa mahali pa vidonge badala ya kando yake.

Tiba, na habari isiyotarajiwa

Mtu angedhani jawabu la sonona ni kidonge cha sonona. Majaribio mawili makubwa yalitoa jibu lisilopendeza. Moja la mwaka 2010, lenye wagonjwa 469, lilipima setralini kwa wiki 12. Jingine lililofanyika Ujerumani na kuchapishwa 2016, lenye wagonjwa 372, lilipima esitalopramu kwa muda mrefu zaidi. Yote mawili yalikuta dawa haikuzidi kidonge bandia, kile kisicho na dawa ndani. Lakini angalia lililo chini yake: waliopewa kidonge bandia nao walipata nafuu. Katika jaribio la kwanza, makundi yote mawili yalikuwa na wauguzi waliowafuatilia na kuzungumza nao. Mimi naona somo hapo, ingawa takwimu haziwezi kulithibitisha peke yake.

Hii haina maana kwamba dawa hizo zitupwe. Mwenye sonona kali, au aliyewahi kuitibu zamani kwa dawa ikamfaa, anaweza kuzihitaji, na aliyekwisha kuanza asiache ghafla. Zile za kizazi cha zamani, za kundi la amitriptilini, kwa kawaida huepukwa kwa sababu zinaweza kuvuruga mapigo. Mitishamba ya kutuliza mawazo nayo itajwe kwa daktari, maana ipo inayopigana na digoksini, dawa ya moyo, na warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Kuhusu dawa za kupunguza mapigo, ambazo kwa miaka mingi zililaumiwa kuleta sonona, uchambuzi wa 2021 haukuona uhusiano huo. Zinaweza lakini kuleta ndoto za ajabu na usingizi mbovu.

Tiba ya mazungumzo imefanya vizuri zaidi. Katika jaribio la 2015 lenye wagonjwa 158, wale waliokutana na mtaalamu wakajifunza kuyapima mawazo yao na kubadili mwenendo walipungukiwa na sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Hawakuwa hodari zaidi wa kujitunza, jambo linaloonyesha kwamba kupona huzuni hakumfundishi mtu kupima uzito. Kila kimoja kinataka mafunzo yake. Mazoezi yaliyopangwa na kusimamiwa pia yalipunguza sonona kidogo katika utafiti wa watu zaidi ya 2,300, na kwa mwenye kuogopa kila pigo la kifua, kutembea dakika kumi mbele ya mtaalamu na kumaliza salama kuna maana yake.

Wazo la kujidhuru halisubiri kliniki ya mwezi ujao. Ni dharura, sawa na kifua kinachobana.

Wawili chumbani

Mwenza wa mgonjwa huugua upande wake. Analala akisikiliza pumzi za mwenziwe. Anamnyang'anya ndoo, anamkataza ngazi, na kidogokidogo mke au mume anageuka kuwa askari. Anayelindwa kupita kiasi huanza kuamini kwamba hawezi.

Tendo la ndoa hukoma katika nyumba nyingi bila neno kusemwa, kila mmoja akidhani anamhurumia mwenziwe. Kipimo cha kawaida ni rahisi: anayeweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila kuishiwa pumzi wala kuumwa kifua kwa kawaida anaweza. Tahadhari ni kwa dawa za nguvu za kiume, kwani zikikutana na dawa za moyo za kundi la naitreti presha inaweza kuporomoka vibaya. Aibu ya kuuliza ni ndogo kuliko hatari hiyo.

Lipo pia zungumzo la kesho, ambalo kila mmoja anamfichia mwenziwe. Ugonjwa huu hauteremki kwa mstari. Unashuka ghafla, unapanda, unashuka tena, hivyo hakuna siku inayoonekana kuwa ndiyo ya kuzungumza. Tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa mateso ya mwili na ya mawazo, husaidia hapa, na haifai kusubiriwa hadi siku za mwisho: jaribio la 2017 lenye wagonjwa 150 lilionyesha kwamba kuiongeza kwenye matibabu ya kawaida kulipunguza hofu na sonona. Aliyepandikizwa kifuani kifaa cha kushtua moyo ana haki ya kujua kwamba kinaweza kuzimwa siku akitaka, bila upasuaji, na kwamba kukizima hakusimamishi moyo. Wengi wanaishi kwa kuogopa mshtuko wake na hawajawahi kuambiwa hilo.

Kikwazo cha mwisho kiko kwenye salamu. Daktari anauliza "habari za siku nyingi?" na mgonjwa, kama sisi sote, anajibu "nzuri". Lugha haimpi jibu jingine. Lakini inampa neno linalofuata, nalo ndilo la kusubiriwa kwa subira, kalamu ikiwa chini: "Nzuri, ila..."